Mtumbwi Nisiokuwa Nao

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, au ulilikuta limeshafungiwa maandazi, usihangaike. Nilipo ni palepale. Niko Kiongoroni, nimekalishwa mkekani barazani kwa baba mkwe wangu, wanaume wamenizunguka, na wanasubiri niwaambie mtumbwi uko wapi.

Sina mtumbwi. Sijawahi kuwa na mtumbwi. Balaa lote lilianzia hapo.

Nikukumbushe upesi. Mimi ni Mfaume. Baada ya kupoteza nyavu, kisha kibali cha kukata mikoko, nilipata mafunzo nikawa mhudumu wa afya wa kijiji. Kazi yangu si kutibu. Kazi yangu ni kujua shida ipi inagongewa mlango upi. Mzee macho yamefifia, najua lini madaktari wa macho wanafika Kibiti. Mtoto hatembei, namjua dada wa ustawi wa jamii anayehangaikia viti vya magurudumu. Mjane kanyang'anywa nyumba na mashemeji, najua aende kwa nani na aseme nini akifika. Watu wakanibandika jina, Bwana Milango. Nililipenda, kwa nini nikudanganye.

Mlango mmoja tu ulinishinda, nao ni wa mama mkwe wangu.

Bi Mwanamina, mamaye mke wangu Hadija, alishikwa na uchungu mwaka juzi maji yakiwa yamekupwa na boti imekaa kwenye tope. Akahangaika mpaka maji yaliporudi. Mtoto hakuishi. Yeye mwenyewe alipona, lakini tangu siku ile mkojo haumsubiri. Unatoka wenyewe, amelala au amesimama. Wataalamu wanauita fistula. Yeye hakuuita jina lolote. Alijifungia chumbani, akatundika pazia zito, akafukiza udi kutwa, akawatangazia watu kwamba amepandwa na jini lisilotaka mume wala wageni. Wakamwamini. Mumewe, Mzee Nurdini, akahamia shambani Mahege kwa mke mdogo. Hata Hadija alikuwa akija kumwamkia mama yake kupitia pazia.

Usimwone mwongo. Mzee Nurdini alikuwa na mke wa kwanza kabla yake, na mke huyo alipatwa na ugonjwa huohuo. Mzee alimpakia kwenye boti na godoro lake, mchana, kijiji kizima kikitazama, akamrudisha kwao. Bi Mwanamina alikuwa msichana wakati huo. Alikuwemo kwenye kundi lililotazama.

Na ugonjwa wenyewe unatibika. Unafanyiwa upasuaji bure, na gari la hospitali linakuja kuwachukua wagonjwa ng'ambo, Nyamisati. Nilijua yote hayo. Angekuwa mwanamke mwingine yeyote, ningemaliza kazi kabla kahawa haijapoa. Lakini huyu ni mkwe. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai mkeka mmoja. Nikipita mlangoni kwake nainamisha kichwa, naye hujitanda kanga mpaka puani. Kuutamka ugonjwa wa namna ile wa mkwe wako ni sawa na kumvua nguo.

Ndipo akanitumia Chiku, jirani yake, mtalaka anayemfulia nguo kwa siri. Masharti yalikuwa matatu. Mzee asijue. Hadija asijue. Na mimi nijifanye sijui mgonjwa ni nani.

"Kuna mtumbwi unavuja," Chiku aliniambia siku ya kwanza, anatazama pembeni.

"Wa nani?"

"Mwenyewe hataki kutajwa. Ila weye huwezi kumtazama usoni."

Nikaelewa. Tangu siku hiyo tukawa tunaongea habari za mtumbwi, mpaka Dulla mwenye duka akatusikia, akampelekea Hadija maneno kwamba nina siri na Chiku, Hadija akabeba nguo zake na mtoto wetu Salwa akaja hapa kwao, na Mzee Nurdini akaitwa kutoka Mahege.

Haya, sasa tuendelee.

"Dulla, rudia ulichosikia," alisema Mzee Nurdini.

Dulla alikohoa kama shahidi wa mahakamani. "Nilimsikia Chiku akisema, jana mtumbwi umelowa mpaka godoro."

Mtu mmoja akacheka, kisha akajifanya anapiga chafya.

"Na huyu akajibu nini?"

"Akasema, mwambie avumilie, fundi wa kalafati, wa kuziba nyufa, atakuwepo Alhamisi."

Mzee Nurdini akanigeukia taratibu. "Mkwe, miye nimekulia majini. Mitumbwi naijua. Mtumbwi wenye godoro ndio nausikia leo."

"Mzee, hayo ni maneno ya kazi."

"Kazi ipi?"

"Ya afya. Kuna mambo ya wagonjwa hayasemwi."

"Ahaa. Basi Chiku ndiye mgonjwa?"

Hapo nikakwama. Nikisema ndiyo, kaka yake Hashimu, aliyekaa kando yangu ananipumulia shingoni, atataka kujua ugonjwa gani unaolowesha godoro. Nikisema siyo, wataanza kuwapitisha wanawake wa kijiji mmoja mmoja vichwani mwao, na ni mmoja tu anayefukiza udi kutwa nzima.

Nikanyamaza. Barazani kwetu mwanamume akinyamaza huwa amekiri.

"Apa," alisema Mwalimu Saadi wa madrasa. Ni mtu mpole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali wa wengine. "Apa kwamba huna uchafu na Chiku."

"Wallahi sina."

Watu wakanong'ona. Nikaona mabega ya Hashimu yameshuka kidogo. Nikajisemea, nimepona.

"Sasa apa," Mwalimu akaendelea, "kwamba hakuna jambo mnaloficha weye na yeye."

Sikuweza. Mimi mambo mengi mtanikuta nayo, lakini yamini ya uongo siyo mojawapo. Niliutazama mkeka.

"Mnaona," alisema Dulla.

Nilitamani niwaeleze Alhamisi ile ilikuwa na maana gani. Ilikuwa ndiyo hiyohiyo tuliyokaa barazani. Madaktari wa upasuaji huo walikuwa wamekuja hospitalini kwa muda, na kesho yake asubuhi ndiyo ilikuwa mwisho wa kupokea wagonjwa. Wangerudi lini tena, hakuna aliyenijibu nilipouliza. Gari lingekuwa Nyamisati mpaka magharibi. Nesi aliyekuwemo alinijua mimi kwa sauti tu, kwenye simu, na alishaniambia kwamba mgonjwa atakabidhiwa na mhudumu wake, na awe na mwanamke wa kukaa naye wodini. Boti ya Mudy ilikuwa imeshapakia, inasubiri pwani. Bi Mwanamina alikuwa ameaga kwamba anakwenda Kibiti kumtazama dada yake. Mimi na Chiku tungepanda kama abiria wengine wowote.

Mipango ilikuwa mizuri. Niliipanga mwenyewe.

"Hukumu yangu ni hii," alisema Mzee Nurdini. "Mpaka jambo hili lipate ufumbuzi, hatoki mtu. Boti ya Mudy iende zake. Na Mwanamina naye safari yake basi, abaki na mwanawe wakati huu wa msiba wa ndoa."

Nyuma ya pazia la chumba cha mama mtu alikohoa. Kikohozi kidogo, kilichokatwa katikati.

"Mzee," nikasema, "mama mwache aende. Dada yake anaumwa."

Niliyajutia maneno hayo kabla hayajaisha kutoka. Baraza zima lilinitazama.

"Tangu lini," aliuliza Mzee Nurdini, "weye unamsemea mkwe wako safari?"

Hashimu akacheka peke yake, kicheko kibaya. "Anataka watu wazima wapungue nyumbani."

Ukitaka kujua mtu anavyojisikia akiwa kwenye dema, ule mtego wa fito, kama samaki aliyeingia mwenyewe na haoni tena alipoingilia, niulize mimi. Kila upande niliogeukia kulikuwa na fito. Nikisema kweli, namuua mama. Nikisema uongo, namuua Chiku. Nikinyamaza, boti inaondoka. Na ndani, hatua chache tu kutoka nilipokaa, alikuwepo mtu mmoja anayeweza kunisafisha kwa neno moja, na mtu huyo ndiye niliyekuwa namfichia neno lenyewe.

Mudy alituma mtu kutoka pwani. "Anasema maji yameanza kupwa. Hawezi kukaa sana, atanasa kwenye tope."

"Mwambie aende," alisema Mzee.

"Asiende."

Alikuwa Chiku. Hakuna aliyemwita. Alisimama uani, kanga mabegani, mikono bado ina povu la sabuni. Nilijua alikuwa anafua nguo za nani.

"Mwanamke, huku ni barazani," Hashimu akamkemea.

"Naona, kaka. Na mnanijadili miye, kwa hiyo nimekuja." Akamgeukia Mzee Nurdini. "Shikamoo mzee. Mnataka kujua habari ya mtumbwi. Mtumbwi ni miye. Nimeachwa, nyumba yangu inavuja, mvua ikinyesha nalala kwenye maji. Huyu nilikuwa namlilia shida zangu."

"Na fundi wa Alhamisi?"

 Chiku akanitazama mara moja tu, akaondoa macho.

"Fundi ni yeye. Tunataka kuoana. Leo tulikuwa twende Kibiti kununua vitu."

Mate yalinipalia. Nilikohoa mpaka Mwalimu Saadi akanipiga mgongoni, na wote wakadhani ni aibu ya bwana harusi.

Lakini nilikuwa nimeshamwelewa. Mwanamume na mwanamke wasio na jina hawapandi boti moja. Wachumba wana jina, na safari yao ina sababu. Chiku alikuwa amefungua mlango ambao mimi, Bwana Milango mzima, sikuuona. Ila alikuwa ameufungulia kifuani kwa mke wangu.

Hadija alitoka. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote, na hakujifunika, na hakujali wanaume.

"Ni kweli?"

"Hadija, mke wangu..."

"Nakuuliza kitu kidogo. Ni kweli?"

Nikisema siyo, Chiku anakuwa mwongo mbele ya kaka yake na boti inaondoka. Tangu nimuoe Hadija sijawahi kumnyamazia. Tumegombana, tumenuniana, lakini swali lake huwa nalijibu. Siku ile nilimnyamazia, na nikaona jinsi uso wake ulivyoupokea ule ukimya. Ningepewa nafasi ya kuzama ardhini ningezama.

Aligeukia chumba cha mama yake. "Mama, unasikia haya?"

"Nasikia," ilijibu sauti kutoka ndani.

"Basi sema neno. Mkweo anataka kuniletea mke mwenza, na anataka kumpitisha mlangoni kwako."

Nililitazama pazia.  Nikaomba aseme sasa, aseme tu, aseme yaishe. Mtoto wake ndiye anayelia.

"Waoane," alisema Bi Mwanamina.

Nisiwe mnafiki, dakika ile nilimchukia mama mkwe wangu. Nilisahau udi, nilisahau godoro, nilisahau yule mwanamke wa kwanza kwenye boti. Nilichoona ni mama anayemtupa mwanawe ili yeye avuke.

"Mama?" Hadija alisema, taratibu, kama mtu aliyekosea nyumba.

"Waoane. Chiku hana mama wa kumsindikiza. Nitakwenda naye Kibiti miye. Leo hii."

Mzee Nurdini alikuna ndevu. "Mwanamina, jini lako lisilotaka hata mimi niingie chumbani, leo limeruhusu safari ya harusi?"

"Limeruhusu."

"Na mwanao?"

"Mwanangu atanielewa baadaye."

Niliona Hadija anatikisa kichwa. Hakulia kwa sauti. Salwa alikuja akamshika kanga, naye akamsogeza pembeni bila kumtazama.

Nikafikiri ya Mzee yameisha. Angekubali, tungepanda boti, tungefika Nyamisati, mama angeingia kwenye gari, na mimi ningerudi nimpigie Hadija magoti mpaka yachubuke. Uchumba huvunjika. Watu huchumbiana na kuachana kila siku.

"Vizuri," alisema Mzee Nurdini. "Miye mwenyewe nina wawili, sitamzuia mwingine halali yake. Lakini binti yangu ameshadhalilishwa na maneno, hatadhalilishwa na safari. Mtu hatapanda boti na mwanamke asiye wake. Mwalimu yupo. Kaka wa bibi harusi yupo. Mashahidi wamejaa baraza. Ndoa ifungwe hapa, kisha mwende."

Nikamwona Chiku anashtuka. Hilo hakulipiga hesabu. 

"Mzee," nikasema, "ndoa haina haraka hivyo. Mahari hatujapatana."

"Chiku, unataka mahari gani?" aliuliza Mwalimu Saadi.

Chiku alitazama pwani, akatazama pazia. Nadhani alikuwa anapima kama anaweza kurudi nyuma. Aliolewa mara moja akapigwa, akaapa hataolewa tena, kila mtu Kiongoroni anajua. "Msahafu unatosha," alisema.

"Umeridhia?"

"Nimeridhia."

Kutoka pwani tukasikia Mudy anajaribu mashine. Ilikohoa, ikawaka, ikazimwa tena.

Walinisogeza. Hashimu akakaa mbele yangu, magoti yake yanagusa yangu, akautwaa mkono wangu wa kulia kama mtu anayetwaa kitu alichoibiwa. Mwalimu Saadi alisoma khutba fupi. Sikusikia hata neno.

"Mfaume," alisema Hashimu, "nimekuozesha dada yangu Chiku binti Mtoro, kwa mahari mliyopatana."

"Sema nimekubali," alinielekeza Mwalimu.

 Neno ninalo, lile jingine, la kweli. Bi Mwanamina anaumwa, Chiku ni muuguzi wake, mimi ni mjumbe tu. Ningelisema lote kwa pumzi moja. Nikamtazama Mzee Nurdini alivyokaa, mkongojo magotini, mtu aliyeshampakia mwanamke mmoja kwenye boti na godoro lake na akarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Neno lilikuwa kinywani mwangu lakini halikuwa langu.

"Umekubali?" Mwalimu akauliza mara ya pili.

"Ngojeni," alisema Hadija.

Mzee akainua mkono. "Binti yangu, mwanamume haombi ruhusa."

"Simzuii. Nataka mama aniambie usoni, basi. Siyo kupitia kitambaa."

Akaenda kwenye pazia. Kutoka ndani Bi Mwanamina akasema, "Hadija, usiingie." Akasema tena, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mwanangu nakuomba."

Hadija akalivuta pazia, akaingia, likaanguka nyuma yake.

Tukasubiri ugomvi. Chetezo cha udi kilianguka sakafuni, tukasikia kikibingirika. Kisha hakukuwa na ugomvi.   Chiku alijifunika uso.

Alipotoka, Hadija alitembea kama mtu mzima zaidi kuliko alivyoingia. Upindo wa kanga yake, mahali alipopigia magoti, ulikuwa umelowa. Aliukunja haraka, akauchomeka kiunoni, watu wasiuone. Niliuona mimi.

"Mama yako ana nini?" aliuliza Mzee Nurdini.

Hadija alimtazama baba yake. Alimtazama kwa muda, na mimi nikajua alikuwa anafikiria boti na godoro.

"Hana kitu, baba," alisema. "Ni lile jini lake tu."

Kisha akanigeukia. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu. Tangu aondoke nyumbani alikuwa hajaniita kwa jina langu lolote.

"Kubali, Baba Salwa," alisema. "Mama anachelewa boti."

Hashimu akaubana mkono wangu, na Mwalimu Saadi akaniuliza kwa mara ya tatu.